Uvimbe wa Taya kwa Watoto

Leo nataka tuzungumze juu ya uvimbe wa taya kwa watoto. Wazazi wengi wakiuona husema ni jino bovu, wakasubiri. Kuna ugonjwa mmoja ambao hausubiri.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago kule Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwona mvulana wa miaka mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba kila upande, juu na chini. Jipu haliji namna hiyo. Baadaye aliona mtoto mwingine kama huyo kule Jinja, akaanza kuuliza. Ilikuwa ni saratani, na leo tunaiita limfoma ya Burkitt.

Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri wiki kumi, kilomita kama 16,000, wakiingia hospitali baada ya hospitali. Waligundua kwamba ugonjwa huu unapatikana zaidi penye joto na mvua nyingi, yaani penye malaria ya mwaka mzima. Garbatulla yetu kavu haimo katika ukanda huo. Lakini mimi sioni sababu ya kujipongeza. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta malaria kali kaskazini mwa Kenya, na tena watu wetu husafiri.

Mwaka huohuo wa 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na mtafiti Anthony Epstein alikuwa akisikiliza. Tangu hapo vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Siku moja ukungu ulichelewesha ndege, na chupa ikafika maji yake yamechafuka. Mwingine angeitupa. Epstein aliitazama kwa darubini akaona seli hai zinaelea. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba ndani ya seli hizo mna virusi, ambavyo vinaitwa Epstein-Barr.

Virusi hivi viliingiaje? Juu ya seli nyeupe za damu ziitwazo seli B kuna kitu kama kufuli, ambacho mwili umekiweka kwa kazi yake wenyewe. Mwaka 1984 ilithibitishwa kwamba virusi hivi vina ufunguo wa kufuli hiyo. Usiogope: zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanavyo, hupitia mateni, na wengi hawaugui saratani kamwe. Askari wa mwili huzikamata seli zilizoambukizwa.

Ila askari hao wanahitaji pa kushika. Seli huwa na kulabu ndogo juu yake, na askari hujishikiza hapo kabla ya kuiua. Mwaka 1988 watafiti walionyesha kwamba seli za limfoma ya Burkitt zimepunguza kulabu hizo. Wewe mfugaji unajua ngamia asiye na kamba anavyosumbua kukamatwa! Malaria ya mara kwa mara nayo huwachosha askari na kuzichochea seli B kuzaana, ndiyo maana chandarua kinahusika hata hapa.

Dawa hazihitaji kulabu. Tangu miaka ya 1960 Burkitt aliona uvimbe ukinywea kwa siku chache baada ya sindano ya saiklofosfamaidi, na dawa hiyo ingali inatumika. Lakini uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Kwa hiyo, mama au baba, ukiona taya imevimba, meno yanalegea bila kuoza, jicho linatokeza au tumbo linajaa, usimng'oe mtoto jino wala usimchome kwa chuma cha moto. Mlete hospitali ya Garbatulla siku hiyohiyo, uje na kadi yake ya kliniki, na uulize kuhusu barua ya rufaa kwenda Isiolo au Nairobi, ambako kipande cha uvimbe kitapimwa.