Selimundu huweza kupofusha jicho kimyakimya

UGONJWA wa selimundu, ambao wengi huuhusisha na maumivu ya mifupa na upungufu wa damu, huharibu pia mishipa midogo ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga.

Suala hili lina uzito wa pekee katika kaunti za Migori na Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria, ambako malaria imekita mizizi. Mnamo 1949, mtafiti Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alibaini kuwa kasoro ya selimundu ilikuwa nyingi pwani na karibu na ziwa hilo, lakini haba nyanda za juu. Mwaka wa 1954 alichapisha ushahidi kwamba anayeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua.

Chembe nyekundu za mgonjwa hujikunja mithili ya mundu na kuziba mishipa ya pembeni mwa retina. Sehemu iliyokosa hewa huchochea kuota kwa mishipa mipya, iliyo dhaifu na inayotanda kama upepeo. Mishipa hiyo ikipasuka, damu humwagika ndani ya jicho. Ikivuta retina, huibandua. Daktari Morton Goldberg aliyapanga mabadiliko hayo katika hatua tano mwaka wa 1971. Hatari ni kwamba hatua za mwanzo hazina maumivu, na mgonjwa huendelea kuona vyema.

Dawa za kawaida hazitoshi kulinda jicho. Haidroksiyurea, ambayo utafiti uliohusisha watoto wa Kilifi na uliochapishwa 2019 ulionyesha kuwa hupunguza maumivu, malaria na vifo, haiondoi mishipa iliyokwisha kuota. Sindano za kuzuia mishipa mipya, zinazodungwa ndani ya jicho, hufifia nguvu baada ya wiki kadhaa.

Isitoshe, baadhi ya dawa zaweza kudhuru. Jicho likigongwa na damu kujaa sehemu ya mbele, asetazolamidi inayotumiwa kushusha presha ya jicho huweza kuzidisha kujikunja kwa chembe. Tahadhari hiyo inamhusu hata aliyerithi kasoro kwa mzazi mmoja. Kwa hivyo, ni muhimu daktari aelezwe hali ya damu ya mgonjwa kabla ya matibabu.

Baadhi ya mishipa hiyo hunyauka yenyewe. Isiponyauka, tiba inayotegemewa ni miale ya leza, inayochoma sehemu za retina zilizokosa damu ili mishipa mipya isichochewe tena. Damu isiyokauka au retina iliyobanduka huhitaji upasuaji, unaofanywa katika hospitali chache nchini, zikiwemo Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na Hospitali ya Macho ya Kikuyu. Kwa mgonjwa wa Migori au Homa Bay, hiyo ni safari ndefu na yenye gharama.

Wataalamu hushauri kila mtoto mwenye selimundu aanze kupimwa retina akiwa na umri wa miaka 10, kwa dawa ya kupanua mboni, kisha kila mwaka mmoja au miwili. Anayeona madoa meusi yakielea, mimweko ya mwanga au kivuli kama pazia anastahili kufika hospitalini siku iyo hiyo.