Bosco Ana Miezi Sita. Nani Alisema Huo Ndio Wakati wa Kumhasi?

Bosco wangu ametimiza miezi sita wiki hii na nyumbani kuna kesi. Mamangu ataka ahasiwe mara moja, maana ameanza kuruka ukuta na kwenda kukojoa kibarazani kwa jirani, mama mtu mzima wa swala tano, ambaye nguo yake ikiguswa na mate ya mbwa ni lazima aifue kabla ya kuswali. Mjomba asema dume ni dume, muacheni. Halafu babu akapiga simu kutoka Kakuyuni: "Nileteeni huku, nimalize na ile koleo ya mbuzi. Dakika mbili tu."

Nyinyi mwanijua. Nikiambiwa "miezi sita ndiyo sawa", mimi nauliza: nani alisema, na lini? Basi nikachimba.

Kwanza, wale wasemao kuhasi ni mambo ya wazungu, hebu tulieni. Pwani maneno haya tunayo tangu zamani. Kuhasi na maksai, yaani fahali aliyehasiwa, yametujia kwa Kiarabu. Madume walihasiwa wanenepe, watulie, na wasizae ovyo. Lakini mbwa? Babu amehasi mbuzi maisha yake yote na sijawahi kusikia amegusa mbwa. Mbwa alikuwa wa kulinda boma na kuwinda, basi.

Hata swali la umri si jipya. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Aristotle wa Ugiriki aliandika kwamba kulungu akihasiwa kabla pembe hazijaota, haziwezi kuota tena. Yaani watu walijua kitambo kwamba ukimhasi mnyama mapema sana, unagusa namna mwili wake unavyokua.

Na ile koleo ya babu? Inaitwa Burdizzo, jina la daktari wa mifugo wa Italia, Napoleone Burdizzo, aliyeibuni mwanzoni mwa karne ya 20. Inabana mishipa inayopeleka damu kwenye korodani bila kupasua ngozi. Sisi Malindi twawajua Waitaliano kwa pizza na kile kituo cha roketi cha San Marco kule Ngomeni, kumbe hata kwenye zizi la babu wamo! Lakini kifaa hicho ni cha ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mbwa ni wa daktari: apigwe nusukaputi, apasuliwe, korodani zitolewe, ashonwe. Pole babu.

Sasa hiyo miezi sita. Ilienea sana kutoka Marekani. Miji yao ilijaa mbwa wasio na wenyewe, na mamilioni walikuwa wakiuawa kila mwaka kwenye vituo vya kuwahifadhi. Mwaka 1971 jiji la Los Angeles likafungua kliniki ya umma ya kuhasi kwa bei nafuu. Miezi sita ikawa mazoea: mbwa ameshakomaa kiasi cha kuhimili dawa ya usingizi, na wengi hawajaanza kuzaa. Mwaka 1993 chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani kikaunga mkono hata kuhasi watoto wa wiki 8 hadi 16. Mwaona? Umri ulichaguliwa kwa sababu ya msongamano. Hakuna aliyekuwa akiuliza sana habari za mifupa ya mbwa.

Swali hilo lilikuja kuulizwa kwa nguvu mwaka 2013. Benjamin Hart na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichunguza rekodi za golden retriever 759. Madume waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja, karibu asilimia 10 walikuwa na tatizo la nyonga, mara mbili ya wasiohasiwa. Sababu wanayoieleza ni kwamba homoni za korodani husaidia kuiambia mifupa wakati wa kuacha kurefuka. Ukiziondoa mapema, mifupa yaendelea kurefuka na viungo vyaweza kukosa kukaa sawa. Mwaka 2020 wakachunguza mbwa mchanganyiko kwa uzito. Walio chini ya kilo 20 hawakuonyesha hatari hiyo kuongezeka. Walio juu ya hapo, ni afadhali wangoje wapite mwaka.

Basi nikambeba Bosco hadi duka la mtaani, nikamweka kwenye mizani ya mchele. Kilo 11. Ni mbwa koko, mamake mwenyewe ni mdogo, kilo 20 hafiki. Wewe mwenye German shepherd nyuma ya ukuta mrefu pale Vipingo, subiri. Mimi sababu ya kusubiri sina.

Sababu ya kuharakisha ninayo. Kabla ya huyu kulikuwa na Bosco wa kwanza. Alikuwa na miaka miwili, hakuhasiwa, na usiku mmoja alifuata jike lililokuwa kwenye joto mtaa wa pili. Asubuhi tulimkuta kando ya barabara, povu mdomoni. Nyama yenye sumu. Nani aliitega, sijui, na sitaki kujua.

Lakini sumu hiyo nayo ina historia. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi. Mwaka 1928 akapatikana mgonjwa wa kwanza binadamu. Tangu ukoloni, jibu la haraka kwa mbwa mzururaji limekuwa kumuua, na mpaka leo tuna Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365. Ng'ambo ya bahari yetu hii, India iliweka kanuni mwaka 2001: mshike, mhasi, mchanje, mrudishe mtaani kwake. Kenya nayo mwaka 2014 ilitoa mpango wa kumaliza kichaa hadi 2030, na nguzo yake ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa.

Kuchanja, jameni. Kuhasi hakuzuii kichaa, sindano ndiyo inayozuia. Na usidhani ukimhasi dume mmoja watoto watapungua mtaani, maana dume wa jirani atamaliza kazi. Majike pia wahasiwe. Kitu ambacho Bosco atapata ni hiki: hamu ya kuzurura, kupigana na kukojolea kila ukuta huwa inapungua kwa madume wengi. Kubweka kutabaki, na uoga pia.

Kwa hiyo mama ameshinda. Sindano ya kichaa ameshapata, na Jumanne twaenda kwa daktari. Tutamfungia wiki kadhaa baadaye, maana dume aliyehasiwa jana bado aweza kutia mimba. Kibaraza cha jirani nimekiosha kwa sabuni na nimemuomba radhi.

Bosco atahasiwa akiwa na miezi sita, lakini si kwa sababu ya miezi sita. Ni kwa sababu ya kilo 11, ukuta mfupi, na ndugu yake niliyemzika.

Wako ana kilo ngapi?