Jim Thorpe: Heshima Isiyotimiza Haki



Ndugu wapendwa, juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi maisha ya Jim Thorpe, Mmarekani aliyecheza michezo miwili kwa kulipwa: besiboli, ule mchezo wa kuupiga mpira mdogo kwa gongo la mti, na futiboli ya Kimarekani, ambayo huchezwa kwa mikono zaidi kuliko kwa miguu. Hatumkumbuki kwa sababu ya nguvu zake tu. Tunamkumbuka kwa sababu historia yake inatufundisha kwamba mtu aweza kupewa heshima nyingi huku akinyimwa haki yake.

Thorpe alizaliwa mwaka 1887 katika nchi ambayo leo ni jimbo la Oklahoma. Alikuwa wa kabila la Sac na Fox, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, na kwa upande wa mama alikuwa na damu ya Wapotawatomi. Kabila lake lilimwita Wa-Tho-Huk, jina ambalo hufasiriwa kuwa njia iliyoangazwa. Alibatizwa katika Kanisa Katoliki kwa jina la Jacobus Franciscus. Pacha wake, Charlie, alifariki wangali watoto, na kabla Jim hajatimiza miaka 20 alikuwa amefiwa na wazazi wote wawili.

Alipelekwa shule ya bweni ya Carlisle, katika jimbo la Pennsylvania, iliyoanzishwa mwaka 1879 na afisa wa jeshi, Richard Henry Pratt. Shabaha ya shule hiyo ilikuwa kuwageuza watoto wa wenyeji wawe kama Wazungu. Walinyolewa nywele, wakakatazwa kusema lugha za mama zao, na wengi wakapewa majina mapya. Hata hivyo, shule hiyohiyo ilijipatia sifa kubwa kwa miguu na mikono ya watoto hao. Mwaka 1911, timu ya Carlisle iliifunga timu ya Chuo Kikuu cha Harvard 18 kwa 15. Mwaka uliofuata iliishinda timu ya chuo cha kijeshi cha West Point, ambayo miongoni mwa wachezaji wake alikuwamo kijana Dwight Eisenhower, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani. Katika michezo yote miwili Thorpe ndiye aliyeng'ara.

Kiangazi cha mwaka 1912 alisafiri kwenda Stockholm, Sweden, katika Michezo ya Olimpiki. Alishinda pentathloni, shindano la michezo mitano, kisha dekathloni, shindano la michezo 10. Katika dekathloni alipata pointi 8,412, akimwacha mshindi wa pili, Hugo Wieslander wa Sweden, kwa pointi 688. Aliporudi Marekani alipokewa kwa shangwe.

Mwezi Januari 1913, gazeti moja la Worcester, Massachusetts, lilichapisha habari kwamba Thorpe alikuwa amecheza besiboli kwa malipo madogo huko North Carolina mwaka 1909 na 1910. Wakati huo Olimpiki ilikuwa ya wanamichezo wa ridhaa tu, yaani wasiolipwa. Wanafunzi wengi wa vyuo walikuwa wakicheza besiboli ya namna hiyo wakati wa likizo, lakini walijificha kwa majina ya bandia. Thorpe alitumia jina lake mwenyewe. Aliandika barua kukiri jambo hilo, akieleza kwamba hakujua kuwa alitenda kosa. Kocha wake, Pop Warner, alidai kwamba hakuwa na habari. Wanahistoria wengi hawamsadiki. Thorpe akanyang'anywa medali zote mbili, na jina lake likafutwa katika orodha ya washindi.

Hapa, wapendwa, tunaomba mtazame jambo moja kwa makini. Kanuni za michezo ile zilitamka wazi kwamba pingamizi lolote juu ya mshindi lazima liwasilishwe ndani ya siku 30. Habari za Thorpe zilitokea baada ya miezi kama sita. Kwa hiyo wale waliomhukumu kwa kuvunja kanuni walivunja kanuni wao wenyewe ili wapate kumhukumu. Tena, kanuni yenyewe ya ridhaa ilikuwa nyepesi kwa mwana wa tajiri, ambaye hakuwa na haja ya ujira, na nzito kwa yatima aliyetafuta riziki ya miezi michache.

Baada ya hapo alicheza kwa kulipwa bila kuficha. Kati ya mwaka 1913 na 1919 alicheza mechi 289 katika ligi kuu ya besiboli, akiwa na timu za New York, Cincinnati na Boston. Tarehe 2 Mei 1917, katika mechi inayokumbukwa hadi leo, wapiga mpira wa Cincinnati na wa Chicago walishindwa kabisa kupata pigo safi kwa vipindi tisa. Katika kipindi cha 10 pigo dogo la Thorpe ndilo lililoleta pointi ya pekee ya ushindi. Katika futiboli alijiunga na timu ya Canton, Ohio, mwaka 1915. Mwaka 1920, ilipoundwa ligi ambayo leo ni NFL, yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa rais wake wa kwanza. Aliacha kucheza mwaka 1928.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Alifanya kazi za vibarua, akaigiza sehemu ndogo katika filamu, akasumbuliwa na ulevi. Mwaka 1950 waandishi wa habari wa Marekani walimchagua kuwa mwanamichezo bora wa nusu ya kwanza ya karne. Lakini medali zake hazikurudishwa. Alifariki tarehe 28 Machi 1953, akiwa maskini.

Hata mwili wake haukupata utulivu. Huko Oklahoma kabila lake lilikuwa limeanza ibada ya mazishi ya kimila, ndipo mjane wake, mke wa tatu, alipofika na kuuchukua mwili. Hatimaye alipatana na miji miwili midogo ya Pennsylvania iliyokuwa ikitafuta wageni na mapato. Mwaka 1954 miji hiyo iliungana na kujiita Jim Thorpe, ikamjengea kaburi. Thorpe hakupata kuishi huko. Mwaka 2010 mmoja wa wanawe alifungua kesi ili baba yao arudishwe kwa watu wake. Mwaka 2013 mahakama ilikubali. Mwaka 2014 mahakama ya rufani ilitengua hukumu hiyo. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuisikiliza.

Na medali? Mwaka 1982 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilimtambua kuwa mshindi mwenza, na mwaka 1983 watoto wake wakakabidhiwa nakala za medali. Mwezi Julai 2022 ndipo alipotangazwa kuwa mshindi wa pekee, kwa ridhaa ya familia ya Wieslander na ya shirikisho la michezo la Norway, nchi ambayo mwanamichezo wake Ferdinand Bie alikuwa amepewa ushindi wa pentathloni. Ilikuwa imepita miaka 109.

Kanisa hutufundisha, katika mafundisho ya Amri ya Saba, kwamba aliyetwaa kitu cha mwenzake hana budi kukirejesha. Hufundisha pia kwamba kuzika wafu ni tendo la huruma. Mji uliojiita kwa jina la Thorpe ulimtukuza, waandishi walimsifu, lakini sifa hazikuwa kile alichodaiwa. Alidaiwa jina lake katika orodha ya washindi, na watoto wake wakaomba kaburi kati ya ndugu zake. La kwanza limetimizwa, naye hakuliona. La pili bado.

Basi tujiulize, kila mmoja nyumbani mwake na kazini mwake: je, yupo mtu tunayemsifu hadharani huku tukishikilia kilicho chake? Kibarua ambaye hatujamlipa, mjane ambaye shamba lake tumelitwaa, mwenzetu ambaye jina lake tumelichafua? Kama yupo, tumrudishie angali hai.

Raha ya milele umpe, ee Bwana. Apumzike kwa amani.