Wanikaragua wa San José

Wanikaragua wa San José ni wahamiaji kutoka Nikaragua, pamoja na watoto wao, wanaoishi katika mji mkuu wa Kosta Rika na vitongoji vyake. Nchini humo hakuna kundi la wageni lililo kubwa kuliko wao: sensa ya mwaka 2011 ilihesabu zaidi ya watu 287,000 waliozaliwa Nikaragua, kati ya wakazi milioni 4.3 wa nchi nzima.

Wahamiaji na wenyeji wana lugha moja, Kihispania, na wengi wa pande zote mbili ni Wakatoliki. Hivyo Mnikaragua hutambulikana kwa mambo madogo, na ndiyo hayo anayoyatunza, au anayoyaficha.

Historia

Wengi walihama kutokana na vita vya miaka ya 1980 kati ya serikali ya Wasandinista na waasi wa Contra, kisha kwa sababu ya umaskini na kimbunga Mitch cha mwaka 1998. Mjini wanaume walipata hasa kazi za ujenzi na ulinzi, na wanawake kazi za nyumbani. Mtaa wao unaojulikana zaidi ni La Carpio, ulioanza kama makazi ya vibanda katika miaka ya 1990 kati ya mito Torres na Virilla.

Wimbi jingine lilikuja baada ya Aprili 2018, maandamano dhidi ya rais Daniel Ortega yalipozimwa kwa nguvu. Makumi ya maelfu walivuka mpaka, wakiwemo wanafunzi na waandishi wa habari.

Lugha na chakula

Mnikaragua hutamka "s" ya mwisho wa silabi kama "h" nyepesi. Matamshi hayo humtambulisha mara moja, na kwa kuwa jina "nica" hutumiwa pia kama tusi, watoto wengi hujifunza mapema kusema kama wenyeji shuleni. Nyumbani hurudia lafudhi ya wazazi.

Gallo pinto, yaani wali uliokaangwa pamoja na maharagwe, hudaiwa na nchi zote mbili kuwa chakula chao cha asili. Wanikaragua hutumia maharagwe mekundu. Wakosta Rika hupenda zaidi meusi. Nacatamal ni unga wa mahindi uliojazwa nyama ya nguruwe na mchele, ukafungwa katika majani ya mgomba na kuchemshwa kwa saa kadhaa. Kwa desturi huliwa Jumapili pamoja na kahawa.

La Purísima

Sherehe kubwa ya Wanikaragua ni ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Usiku wa tarehe 7 Desemba familia hupamba altare nyumbani. Wageni hufika mlangoni na kuuliza kwa sauti ni nani aliyeleta furaha hii; wakishaimba hupewa miwa, machungwa na peremende. Wenyeji nao humheshimu Maria, lakini sikukuu yao kuu ni ya Bikira Maria wa Malaika, tarehe 2 Agosti, wanapohiji Cartago. Kwa hiyo madhehebu ni yaleyale, ila mwezi ni mwingine, na mlango unaofunguliwa usiku huo wa Desemba karibu kila mara ni wa Mnikaragua.

Bustani ya La Merced

Kwa miaka mingi wahamiaji wamekutana katika bustani ya La Merced, katikati ya mji, hasa siku za Jumapili, kutafuta kazi na kupata habari za nyumbani. Tarehe 18 Agosti 2018 waandamanaji waliopinga wahamiaji waliivamia, na polisi wakawakamata watu kadhaa. Wiki moja baadaye Wakosta Rika wengi waliandamana kuwaunga mkono wageni.

Tangu mwaka huo bendera ya buluu na nyeupe, ambayo kuipeperusha barabarani Nikaragua kumewafanya watu wakamatwe, huonekana mara kwa mara katika mikutano ya wakimbizi mjini San José. Gazeti la Confidencial, ambalo ofisi zake mjini Managua zilitwaliwa na polisi, huandaliwa sasa uhamishoni Kosta Rika.