Nairobi hadi Mumbai ni masaa mangapi kwa ndege? Soma hii kabla ulipe tikiti

Hapa Parklands, Mumbai inaongelewa kama ushago. Jirani mmoja anaenda harusi, mwingine anaenda kuleta nguo za kuuza, na siku hizi wengi wanapeleka mgonjwa.

Tuanze na namba. Kutoka JKIA hadi Mumbai ni kama kilomita 4,500. London iko kama 6,800, so India si mbali vile watu hudhani. Ndege isiyotua popote huchukua masaa matano na nusu hivi kuenda, na kurudi mara nyingi kunakaribia sita. Kenya Airways wako kwa hii njia, na IndiGo ya India iliingia Agosti 2023.

Saa za India ziko mbele yetu kwa masaa mawili na nusu. Hiyo nusu ndiyo huchanganya watu. Ukitoka Nairobi saa moja asubuhi, unatua huko saa tisa mchana kwa saa zao. Kurudi ni raha: ukitoka Mumbai saa moja asubuhi, saa nne na nusu uko JKIA unatafuta chai.

Tikiti za bei ya chini mara nyingi zinapitia Dubai ama Addis Ababa. Dubai ni masaa kama matano kutoka hapa, halafu mengine matatu hadi Mumbai, na bado hujahesabu kungoja. Kwa kijana hiyo si noma. Kwa mtu ametoka wodi juzi na anaumia akikaa, changeni kidogo zaidi mpate ya moja kwa moja.

Lakini masaa siyo huharibu hii safari. Ni siku 10. India inataka mtu anayetoka Kenya awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na hiyo kadi huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Ukifika bila, wanaweza kukuweka karantini hadi siku 6. Auntie yangu alikuwa na tarehe ya upasuaji huko. Ajenti aliyetuuzia tikiti hakutaja kadi hata siku moja. Tulikuja kujua Jumanne, ndege ni Ijumaa. Tulisukuma safari mbele, tukalipa faini ya kubadilisha tarehe, na pesa yenyewe ilikuwa ya harambee.

Kama ulishawahi chanjwa, tafuta kadi yako kwa droo kwanza. Tangu 2016 hiyo kadi ni ya maisha, hata kama imeandikwa miaka 10. Anayechanjwa sasa adungwe kabla hamjachagua tarehe.

Visa inaombwa mtandaoni. Mgonjwa anachukua ya matibabu, na watu wawili wanaweza kumsindikiza kwa visa zao wenyewe. Siku ya safari, pandeni Expressway pale Westlands na mfike JKIA masaa matatu mapema, haswa kama mnahitaji kiti cha magurudumu.