Riwaya ya Mizimu na Imani katika Kiswahili

Riwaya ya mizimu na imani ni kundi la kazi za Kiswahili ambamo wafu husema, malaika huingia vitani, majini hutoa hukumu na uchawi hurithiwa kama shamba la ukoo. Wahakiki hawajaliweka kundi hili chini ya jina moja. Kazi zake hutajwa mara katika riwaya ya upelelezi, mara katika riwaya ya kifalsafa, mara katika uhalisia mazingaombwe. Kinachoziunganisha ni namna zinavyomtumia kiumbe asiyeonekana. Mzimu au malaika huletwa mbele ya msomaji kama shahidi, na anayesimama kizimbani ni mwanadamu aliye hai.

Hapo ndipo riwaya hii inapoachana na mwenzake wa Marekani. Mwaka 1986 Frank Peretti alitoa *This Present Darkness*, kisa cha mji mdogo wa kubuni, Ashton, ambako malaika na mapepo wanapigana angani huku maombi ya waumini yakiwaongezea malaika nguvu. Miaka tisa baadaye Tim LaHaye na Jerry B. Jenkins walianzisha mfululizo wa *Left Behind*, unaofuatilia siku za mwisho baada ya waumini kunyakuliwa. Katika vitabu hivyo msomaji anajua mapema nani yuko upande gani. Waandishi wa Kiswahili wamekuwa wagumu kumpa msomaji faraja hiyo.

Asili

Kabla ya riwaya kulikuwa na tenzi. *Utendi wa Tambuka*, uliotungwa na Mwengo bin Athumani huko Pate mwaka 1728, unasimulia vita vya Waislamu wa mwanzo dhidi ya Wabizanti, na ndani yake historia na ajabu hutembea pamoja. Tenzi za namna hiyo, pamoja na visa vya Alfu Lela Ulela na ngano za babu na bibi, ziliwazoesha wasikilizaji wa pwani kukutana na jini au malaika katikati ya habari za wafalme na wafanyabiashara.

Shaaban Robert (1909–1962) ndiye aliyeuingiza urithi huo katika nathari ya kisasa. *Kusadikika* (1951) ni nchi inayoelea hewani. Humo Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria, na utetezi wake ni habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni, wakarudi na manufaa na kulipwa adhabu. Mwaka uliofuata ikatoka *Adili na Nduguze*. Liwali Adili anawachapa manyani wawili kila usiku, kisha anawalilia. Mfalme Rai anapotaka maelezo, inajulikana kwamba manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa wivu. Aliyewageuza ni Huria, jini ambaye Adili alikuwa amewahi kumwokoa.

Ufundi wa kisa umo katika viboko. Jini amekwisha kutoa hukumu yake, lakini kazi ya kuitekeleza usiku baada ya usiku amemwachia binadamu aliyedhulumiwa, naye hana raha nayo. Muujiza unachukua aya chache. Uzito wa kitabu uko kwa ndugu watatu na swali la msamaha.

Mzimu mbele ya mpelelezi

Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, aliichukua njia ya pili. Hadithi yake *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda shindano la uandishi la Shirika la Maandiko la Afrika Mashariki la 1957–58, ikachapishwa mwaka 1960. Maiti ya tajiri inaonekana kwenye mzimu, mahali ambapo watu hupeleka nadhiri na kupaogopa. Wanakijiji wana maelezo tayari. Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake, hayakubali. Anauliza nani alinufaika, nani alikuwa wapi, nani anaficha nini.

Alama za Sherlock Holmes zinaonekana waziwazi, lakini Abdulla aliufanyia mtindo ule kazi nyingine. Kwake hofu ya mzimu ni nyenzo ya uhalifu: muuaji hujificha nyuma ya imani ya majirani. Alirudia mchezo huo katika *Kisima cha Giningi* (1968), akitumia jina la Giningi ambalo Zanzibar linahusishwa na makao ya wachawi. Mahali penye kutisha panapewa heshima yote katika maelezo, kisha mlango unafunguliwa na ndani anakutwa mtu.

Uchawi kama mirathi

C. G. Mung'ong'o hakutaka kuufungua mlango huo kwa urahisi. *Mirathi ya Hatari*, iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1977, inamhusu kijana Gusto, ambaye baba yake anamrithisha uchawi wakati wa kufa. Kitabu kinauchukulia uchawi huo kama jambo linalotendeka. Swali lake ni kijana mwenye elimu ya shule afanye nini na urithi asiouomba, ilhali maadui wa baba yake wamekuwa maadui zake.

Riwaya ilitoka katika nchi ambayo sheria ya uchawi, iliyoanza mwaka 1928 chini ya Waingereza, ilikuwa bado inatumika, na ambako kampeni ya vijiji ilikuwa imewaweka pamoja watu waliokuwa wakiishi mbalimbali. Mahakama inaweza kumwadhibu anayejidai mchawi. Haina utaratibu wa kumwondolea mrithi mzigo wake, na Mung'ong'o aliikalia nafasi hiyo.

Miaka ya 1990: Mungu anahojiwa

Mwelekeo ulibadilika kwa Euphrase Kezilahabi (1944–2020), mwana wa Ukerewe aliyesoma seminari ya Nyegezi, kisha akaandika tasnifu ya uzamivu kuhusu falsafa ya Kiafrika katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985. Riwaya zake za awali, kuanzia *Rosa Mistika* (1971), zilikuwa za uhalisia. *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991) ni vitabu vyembamba vya njozi. Katika cha kwanza msafiri anaingia mahali palipokufa, anakutana na wanafikra waliofariki zamani, na anamfuata mnyama asiyeshikika. Katika cha pili mtu anapanda mlima kumpelekea mzee habari ya kifo cha mwanawe. Msomaji wa Injili anajua upesi ni mwana gani na mzee gani, na ndiyo maana utulivu wa masimulizi unamsumbua: habari nzito kuliko zote inapelekwa na mpita njia.

Kazi iliyokwenda mbali zaidi ni *Ziraili na Zirani* ya William Mkufya, iliyochapishwa Dar es Salaam na Hekima Publications mwaka 1999. Mkufya alifahamika kwanza kwa riwaya ya Kiingereza kuhusu ufisadi wa mjini, *The Wicked Walk* (1977), ambayo yeye mwenyewe aliiandika upya kwa Kiswahili kama *Kizazi Hiki*. Safari hii alivuka kaburi. Sehemu kubwa ya kisa iko Ahera. Ziraili ni malaika wa mauti. Zirani ni mwanadamu aliyemkana Mungu na ambaye kifo hakikumnyamazisha.

Mkufya alijichimbia katika hazina ya dini mbili. Malaika wa mauti anatajwa katika Kurani, sura ya 32 aya ya 11, bila kupewa jina. Jina lilikuja na masimulizi, na pwani likawa la kila siku. Uasi dhidi ya kiti cha enzi ni mali ya fasihi ya Kikristo, ambayo kilele chake kwa Kiingereza ni *Paradise Lost* ya John Milton (1667). Lakini kwa Milton wanaoanzisha vita ni malaika. Kwa Mkufya bendera ya uasi inashikwa na mtu, na hoja zake ni za mtu aliyeona mateso duniani na kutaka maelezo. Mjadala juu ya kuwapo kwa Mungu unatoka kwenye vitabu vya falsafa na kupewa silaha, majeshi na mandhari.

Ni kazi nzito. Mwandishi yuleyule alirudi ardhini miaka mitano baadaye na *Ua la Faraja* (2004), riwaya ya Ukimwi. Vitabu hivi viwili vinasomeka vizuri kwa kufuatana: cha kwanza kinauliza kwa nini watu wanateseka na kufa, cha pili kinakaa na wagonjwa wenyewe.

Babu anarudi

Mwanzoni mwa karne ya 21 mzimu ulipewa kazi ya kisiasa. Katika *Babu Alipofufuka* (2001) Said Ahmed Mohamed, mwandishi kutoka Pemba, anamleta babu aliyekufa amshike mkono mjukuu wake, kigogo anayeitwa K tu, na kumwonyesha nchi aliyosaidia kuiharibu. Nchini Kenya, Katama Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980, alikuwa amekwisha kumrusha shujaa wake kutoka katika hukumu ya kifo hadi nchi ya kubuni katika *Walenisi* (1995). Kyallo Wadi Wamitila akafuata na *Bina-Adamu!* (2002), safari ya kiajabu kupitia mabara yaliyojeruhiwa.

Hapa ndipo kundi zima linapoonekana kwa uwazi. Babu wa K haji kudai tambiko wala kumtisha mjukuu usiku. Anakuja na ushahidi.

Masimulizi ya Manyara

Mbali na pwani, tambarare za Dirma, katika eneo la Mbulu na Hanang mkoani Manyara, zina hazina yake ya viumbe wasioonekana. Wairaqw, wenye lugha ya Kikushi, humzungumzia Looa, nguvu njema ya kike inayohusishwa na jua, na Netlangw, anayekaa katika mito na chemchemi na kuogopwa. Wadatooga, wenye lugha ya Kiniloti, huwaheshimu wazee fulani waliokufa kwa kuwajengea bung'eda, kilima cha udongo juu ya kaburi, katika sherehe inayochukua miezi. Utabiri wa Saigilo, nabii wa Kidatooga wa karne ya 19 anayesemwa kwamba aliona mapema ujio wa Wazungu, ulivuka mipaka ya kabila na kusimuliwa pia na majirani Wairaqw.

Imani hizo zimeishi na makanisa kwa vizazi kadhaa. Jimbo Katoliki la Mbulu lilianzishwa mwaka 1953, na hospitali ya Kilutheri ya Haydom ikafunguliwa mwaka 1955 kwa mikono ya Wanorwe. Mtu mmoja anaweza kuhudhuria ibada Jumapili na bado akajua ni chemchemi ipi haifai kupitiwa jioni.

Mwenye kutafuta ujamaa kati ya masimulizi haya na riwaya ataukuta katika desturi ya laana. Kwa Wairaqw, mkosaji asipojulikana, wazee wanaweza kukutana na kumlaani bila kumtaja jina, wakiamini kwamba laana itamtambua yenyewe. Anayeshtakiwa ni mtu wa hapohapo kijijini, naye huenda amekaa akisikiliza. Vivyo hivyo, nyumba iliyopatwa na vifo vya aina fulani hutengwa kwa muda, kwa kuwa hatari huaminiwa kupita katika mahusiano ya watu, katika chakula, maji na salamu. Abdulla angeutambua upelelezi huo, ingawa Bwana Msa angedai kuona vielelezo.

Skrini na simu

Sehemu kubwa ya wasomaji wa mizimu leo wako nje ya vitabu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi aliifanya filamu ya kutisha ya Dar es Salaam iwe biashara, kwa kazi kama *Nsyuka* na *Shumileta*. Riwaya za mfululizo magazetini, na baadaye simulizi za sauti na za sehemu kwa sehemu kwenye simu, zimeeneza jini mrembo, utajiri wa kafara na mchungaji anayekemea mapepo. Wahakiki huziweka katika fungu la fasihi pendwa, lakini nyingi zinashika sheria ileile ya Adili: kafara lina mtu aliyelikubali, na kisa hakiishi mpaka atajwe.

Manyara mambo yalikwenda kinyume, kutoka mdomoni hadi kitabuni: masimulizi ya Kiiraqw yaliyokusanywa na mwanaisimu Mjerumani Paul Berger katika miaka ya 1930 yalihaririwa na Roland Kiessling na kuchapishwa Cologne mwaka 1998, mwaka mmoja kabla ya *Ziraili na Zirani* kutoka Dar es Salaam.