Kanisa la Mkunazini na Miaka Ishirini na Minne

Wapemba wengi wafikao Unguja hupenda kulitazama Kanisa Kuu la Kristo lililoko Mkunazini. Jengo hili lina mambo mawili ya kutufundisha: mahali lilipojengwa, na jinsi lilivyojengwa.

Mahali pale palikuwa soko la watumwa. Mwezi wa Juni 1873 Seyyid Barghash bin Said alifanya mkataba na Waingereza, soko likafungwa, na kuwasafirisha watumwa baharini kukakatazwa. Siku ya Krismasi mwaka ule ule jiwe la msingi likawekwa. Mkuu wa kazi alikuwa Edward Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874, mtu yule yule aliyekusanya hadithi za Kiswahili akazipiga chapa.

Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, kama nyumba za kale za pwani yetu. Lakini paa lake ni geni. Halikulazwa juu ya boriti, bali ni tao moja refu, mfano wa pipa lililopasuliwa kwa urefu, lililojengwa kwa vipande vya matumbawe na saruji. Watu walisema litaanguka, nalo lingali limesimama. Ndani zimo nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Yasimuliwa kwamba mafundi walifanya hivyo askofu alipokuwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Steere alikufa mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare.

Msomaji aweza kudhani ya kuwa siku soko lilipofungwa, utumwa nao ulikwisha. Sivyo. Soko lilifungwa, mashamba hayakufungwa. Huku Pemba watumwa waliendelea kuchuma karafuu za mabwana zao mpaka amri ya mwaka 1897, yaani miaka 24 baadaye. Hata hapo ilimpasa mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuutaka uhuru wake, na masuria hawakuingizwa katika haki hiyo mpaka mwaka 1909. Kanisa lilijengwa, likasaliwa, mjenzi wake akazikwa, na bado mtu wa Pemba alikuwa mali ya mwenziwe.

Basi sisi walimu, tuwafundishapo watoto habari za jengo lile, tusiishie mwaka 1873. Tuwatajie na mwaka 1897, na ule wa 1909, wapate kujua ya kuwa babu na bibi zao walingoja muda gani baada ya jiwe lile kuwekwa.